Filamu ya Mapenzi na Nyumba Yenu

Wapendwa wanandoa, jioni za baridi hapa Eldoret wengi wenu hutazama filamu za mapenzi. Basi angalieni zinavyotengenezwa. Katika Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa hapa Kenya, Robert Redford anamwosha Meryl Streep nywele porini. Kamera husogelea nyuso, muziki wa John Barry huvuta machozi. Karen Blixen mwenyewe aliishi Kenya miaka 17, toka 1914 hadi 1931. Filamu ni dakika 161. Siku za karo, homa za watoto na kununiana hukatwa katika filamu za namna hii. Tena huyo mwosha nywele anakataa kumwoa!

Mama, kumbuka hilo kabla hujamlinganisha naye baba watoto. Nawe baba, usicheke: pengine mkeo hamtaki Redford, anataka tu umtazame anapozungumza. Muulize leo usiku, televisheni ikiwa imezimwa.