FUNDI WA NYUMBA NA UJIRA WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: hapana mwenye nyumba asiyemhitaji fundi. Masika yakija paa la makuti huvuja, chokaa hubanduka ukutani, bawaba za mlango hulegea, na boriti huliwa na mchwa. Hapo mwenye nyumba humwita seremala au mwashi au fundi wa kuezeka, akamwonyesha palipoharibika, na akiulizwa habari ya ujira husema, "Wewe fanya tu, hatutagombana." Fundi naye huona haya kumtajia jirani yake bei, akaingia kazini. Kazi ikiisha, huyu ataka shilingi kumi na yule ana tano moyoni mwake. Wakateta, wakanyimana salamu, na huenda wakasimama safu moja msikitini hali kila mmoja ana kinyongo na mwenziwe. Neno lililosemwa ili kuzuia ugomvi ndilo lililouzaa.

KISA CHA UKUTA

Katika Sura ya Al-Kahf imetajwa safari ya Nabii Musa (A.S.) pamoja na mja mwema ambaye wanavyuoni humwita Khidhri. Walifika mji mmoja wakaomba chakula, wakanyimwa. Wakaona humo ukuta uliokaribia kuanguka, na Khidhri akausimamisha. Musa akamwambia ya kuwa lau angalitaka, angalitwaa ujira kwa kazi ile. Kisha akabainishiwa kwamba chini ya ukuta palikuwa na hazina ya mayatima wawili.

Imamu Bukhari (aliyekufa mwaka 256 wa Hijra) ameweka katika kitabu chake mlango juu ya kujuzu kumwajiri mtu asimamishe ukuta utakao kuanguka, na kisa hiki ndicho hoja yake. Basi kutaja ujira si aibu, kwani Nabii wa Mwenyezi Mungu ameutaja. Na mwenye kutaka kufanya kazi bure kwa ajili ya thawabu, na afanye kwa nia kama Khidhri, si kwa kunyamaza huku akitumai fedha.

Musa mwenyewe naye aliajiriwa Madyan, kama ilivyo katika Sura ya Al-Qasas. Muda wake ulitajwa kabla ya kazi, miaka minane, na kama akitimiza kumi ni hiari yake. Na binti aliyemsifu kwa baba yake alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Hayo ndiyo ya kutazamwa kwa kila fundi: aijue kazi yake, na awe mwaminifu ndani ya nyumba ya watu.

MASHARTI YA KUAJIRI

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, yapasa kazi ijulikane na ujira ujulikane.

Kazi hujulikana kwa kutajwa yenyewe, kama kuezeka upande fulani wa paa, au kwa kutajwa muda, kama kutwa moja. Ama kuyafunga yote mawili pamoja, kama kusema, "Maliza paa hili leo," haisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaji ya Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijra), kwani huenda kazi ikaisha kabla ya siku au siku ikaisha kabla ya kazi.

Ujira nao utajwe kiasi chake. Kusema, "Ujira wako ni mbao zitakazobaki," haisihi, kwani hapana ajuaye zitabaki ngapi. Vile vile kumwambia mpangaji, "Kaa humu, kodi yako ni kuitengeneza nyumba," haisihi. Na ipatanwe kodi maalumu kwanza bila ya sharti hilo. Kisha mwenye nyumba akimpa idhini kuitumia katika matengenezo, hapana ubaya.

MAS'ALA TATU

La kwanza: Zaidi amempa Amri mlango autengeneze, wala hapana aliyetaja ujira. Kauli ya madhehebu ni kwamba Amri hana ujira. Wengine wamesema anao akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo, na Nawawi ameashiria uzuri wa kauli hii. Lakini Zaidi akisema, "Fanya, nitakuridhisha," au neno la maana hiyo, amewajibikiwa na ujira wa mfano, yaani ule wanaolipwa mafundi wengine kwa kazi kama ile. Basi asemaye "hatutagombana" asidhani amejiachia mlango wa kulipa apendavyo.

La pili: kitu kimevunjika mikononi mwa fundi. Ikiwa hakufanya uzembe wala hakupita mpaka, halipi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Na akizembea hulipa.

La tatu: fundi amepewa fedha za misumari na chokaa. Fedha hizo ni amana. Akinunua kwa nane akasema kumi, amekula haramu. Na kilichobaki ni cha mwenye nyumba.

KULIPA

Mtume (S.A.W.) ameamrisha, katika hadithi aliyoipokea Ibn Maja, muajiriwa apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Na katika Bukhari imo hadithi kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Na atafakari hayo mwenye kumwambia fundi "njoo kesho" mara ya nne, naye amelala chini ya paa lisilovuja, na watoto wa aliyeliezeka wanangoja unga.

Wala fundi asidhani hadithi hizi ni silaha yake peke yake. Mwenye kutwaa nusu ya ujira, akabomoa paa, akaenda kazi nyingine, na mvua ikawanyea wenye nyumba, naye ni dhalimu.

Dawa ya yote haya ni maneno machache kabla ya kupigwa msumari wa kwanza: "Utaezeka upande huu, makuti ni yangu, kwa shilingi kadha," na yule ajibu, "Nimekubali." Na yakiandikwa au yakishuhudiwa ni bora zaidi. Haya ya kitambo kidogo ni nyepesi kuliko uhasama wa miaka.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kutimiza ahadi zao na kulipana haki zao. Amin. Wallahu aalam.