SOMO LA AFYA: KWA NINI VUMBI HUBANA KIFUA

Sisi tunaosaga nafaka na kukoboa kahawa hapa Kigali twajua kubanwa kifua. Vumbi likigusa mishipa ya fahamu katika njia za hewa, habari hufika kwenye ubongo. Jibu hurudi: mishipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hushika vipokezi vya misuli kama ufunguo katika kufuli. Misuli hujikaza, makohozi huongezeka. Kwa mwenye pumu au mkamba sugu, mishipa hiyo huwa myepesi kushtuka.

Dawa ya kuvuta ya ipratropiamu huziba tundu la kufuli, vumbi haiondoi. Basi, tufuate maagizo ya daktari, na tudai feni za kufyonza vumbi. Kifua kikiharibika, mshahara haukinunui.