Mpaka wa Ayalandi na Mambo ya Kale

Magharibi ya Uingereza, ng'ambo ya bahari, kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Ayalandi. Ni nchi ya mvua nyingi, na majani yake ni mabichi mwaka mzima. Ukifunua ramani ya kisiwa hicho utaona mstari uliopindapinda kama njia ya nyoka mchangani. Mstari huo ndio mpaka, na urefu wake wapata kilometa 500. Kusini yake, na magharibi pia, ni Jamhuri ya Ayalandi, ambayo mji wake mkuu ni Dublin. Kaskazini-mashariki ni Ayalandi ya Kaskazini, ambayo mji wake mkuu ni Belfast, nayo imo katika ufalme mmoja na Uingereza.

Usidhani ya kuwa mpaka huo ni wa kale. Hata kufika mwaka wa 1921 kisiwa kizima kilikuwa chini ya serikali moja ya London. Watu wengi wa kisiwa, ambao ni Wakatoliki, walitaka kujitawala. Lakini wengi wa kaskazini-mashariki, ambao walikuwa Waprotestanti, hawakutaka kutengana na Uingereza. Basi nchi ikagawanywa. Jimbo la Ulster, lenye wilaya 9, likakatwa: wilaya 6 zikabaki katika ufalme, na 3, yaani Donegal, Cavan na Monaghan, zikawa upande wa pili. Wenye kugawa walifuata tu mipaka ya wilaya, nayo ilikuwa imewekwa zamani kwa kazi ya mahakama na kodi, si kwa kutenga nchi na nchi. Ilipita katika mashamba na vijito. Kijiji cha Pettigo kiligawanywa na mto mdogo, sehemu huku na sehemu huku. Na mtu aendaye kwa motakaa kutoka Clones kwenda Cavan huuvuka mpaka mara nne, wala hakuiacha barabara kuu.

Tarehe 1 Aprili 1923 vibanda vya forodha vikasimamishwa njiani. Baadaye yakaja mambo mabaya zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 watu wa Ayalandi ya Kaskazini walipigana kwa muda wa miaka 30 hivi, na watu zaidi ya 3,500 wakafa. Katika miaka hiyo askari walizifunga njia nyingi ndogo za mpakani kwa vipande vya saruji, au walizilipua zikawa mashimo. Mtu aliyezoea kwenda kwa miguu kanisani au makaburini mwa wazee wake akalazimika kuzunguka mbali, au akaacha kwenda kabisa. Mapatano ya amani yalifanywa tarehe 10 Aprili 1998, na njia zikafunguliwa. Leo hakuna lango wala askari mpakani. Msafiri hujua kwamba amevuka kwa sababu vibao vya barabara, vilivyokuwa vikihesabu kilometa, sasa vyahesabu maili.

Sasa tuje kwenye habari yetu. Katika nchi hiyo wako watu wengi wapendao kuchunguza mambo ya kale ya mahali pao, nao hukusanyika katika vyama. Si wataalamu wa vyuo vikuu tu. Wengi ni wakulima, waalimu waliostaafu, wenye maduka na akina mama wa nyumbani. Tena vyama vingine havikukubali kukatwa na mpaka. Uaskofu wa Clogher, kwa mfano, haukugawanywa mwaka wa 1921: wilaya ya Monaghan yote imo, na sehemu kubwa ya Fermanagh iliyo ng'ambo ya pili. Chama cha historia cha Clogher kimechapisha jarida lake tangu mwaka wa 1953, na ndani yake habari za pande mbili husomwa pamoja.

Kazi yao moja kubwa ni kusoma mawe ya makaburi. Labda utauliza, kwa nini wasisome vitabu? Sababu yake ni hii. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Dublin, nyumba iliyowekwa hati za serikali ililipuka na kuteketea. Humo mlikuwamo hesabu za watu wa kisiwa kizima tangu mwaka wa 1821 hata 1851, na hati za wasia, na vitabu vingi vya makanisa vilivyoandikwa ubatizo na maziko. Karatasi zilizoungua zilirushwa na upepo juu ya mji. Hasara hiyo haikuwa ya upande mmoja. Mtu wa Belfast alipoteza majina ya babu zake sawasawa na mtu wa Dublin.

Ndiyo maana jiwe la kaburi limekuwa kama kitabu. Lakini mvua na kuvu huyala maandishi, na mengine hayaonekani tena mchana. Wajuzi wa kazi hii hawakwangui jiwe kwa brashi ya waya, maana jiwe likikwanguliwa huharibika milele. Wao hungoja asubuhi au jioni, jua linapolala, au huweka taa ubavuni mwa jiwe, na kivuli cha kila herufi huonekana. Kisha hulinganisha jina na ramani kubwa zilizopimwa kisiwa kizima kabla ya mwaka wa 1846, wakati ambapo hapakuwa na mpaka. Na katika viwanja vingi vya zamani vya Ulster huwakuta Wakatoliki na Waprotestanti wamelala pamoja, ukoo karibu na ukoo, ingawa wajukuu wao hawakukaa pamoja darasani.

Kitu kingine cha pande zote mbili ni boma refu la udongo liitwalo Boma la Nguruwe Mweusi. Si moja lililoungana, bali ni vipande vipande vya matuta na mahandaki vilivyotapakaa tangu Leitrim na Cavan, kupita Monaghan na Fermanagh, hata Armagh. Wazee husimulia hivi. Hapo kale palikuwa na mwalimu mchawi, mwenye kitabu cha uganga, ambaye aliwageuza wanafunzi wake kuwa wanyama. Mzazi mmoja akamvizia, na yule mwalimu alipojigeuza mwenyewe kuwa nguruwe mweusi, asiweze kurudi kuwa mtu. Akakimbia kwa hasira nchi nzima, akifukua ardhi kwa pua yake, na alama zake ndizo matuta hayo. (Mwalimu aandikaye habari hii anawaomba wasomaji wasidhani kuwa ndiyo desturi ya waalimu wote.)

Wachunguzi walipochimba kipande kimoja cha Monaghan mwaka wa 1982, walikuta kwamba zamani palikuwa na ukuta wa miti na mahandaki mawili, na kwamba mti wake ulioungua ni wa zaidi ya miaka 2,000. Ng'ambo ya pili, katika wilaya ya Armagh, iko boma la Navan, ambako zilionekana nguzo za mti wa mwaloni. Umri wake ulijulikana kwa kuhesabu pete. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa neema, nyembamba mwaka wa shida. Na wataalamu wa Belfast, wakiunganisha pete za miti ya sasa na za miti ya zamani mmoja baada ya mwingine, walirudi nyuma hata wakaupata mwaka uliokatwa nguzo kubwa ya Navan, nao ni karibu na mwaka wa 95 kabla ya Kristo. Basi wale waliojenga maboma hayo walikuwa na mipaka yao wenyewe, nayo imesahauliwa kabisa, hata jina la mfalme wake halijulikani.

Juu ya kilima kimoja cha Donegal iko ngome ya duara ya mawe makavu, yasiyo na chokaa, iitwayo Grianán ya Aileach. Ukuta wake una unene wa mita 4 na zaidi. Ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa kaskazini. Mwaka wa 1101 mfalme wa kusini, Muirchertach wa ukoo wa Brien, aliiteka kwa kulipiza kisasi cha ngome yake iliyobomolewa, akaamuru kila askari aliyekuwa na gunia la chakula achukue na jiwe moja la ngome aende nalo kwao. Kwa miaka mingi ikawa magofu. Aliyeisimamisha tena, kati ya mwaka wa 1874 na 1878, ni daktari Walter Bernard wa mji wa Derry. Mji huo waonekana kutoka eneo lile la kilima, nao sasa uko nchi nyingine. Daktari yule hakujua ya kuwa anatengeneza ngome ya ng'ambo!

Na iko habari ngumu zaidi. Vitu vya kale huweza kupatanisha, lakini huweza pia kuchochea ugomvi. Mwaka wa 1690, kando ya mto Boyne, mfalme William, Mprotestanti, alimshinda mfalme James, Mkatoliki. Kila mwaka mwezi wa Julai Waprotestanti wengi wa kaskazini hupiga ngoma kwa ukumbusho wake; na jirani zao Wakatoliki husikia katika ngoma hizo kilio cha kushindwa. Lakini uwanja wenyewe wa vita umo katika Jamhuri! Vivyo hivyo kaburi la Mtakatifu Patriki, kwa mapokeo ya wazee, liko Downpatrick, upande wa kaskazini. Basi kila upande una kitu chake kipenzi mikononi mwa mwenzake. Mwezi wa Mei 2007 Ian Paisley, mkuu wa Waprotestanti wa kaskazini katika siasa, ambaye kwa miaka mingi aliwapinga vikali watu wa Dublin, alikwenda Boyne pamoja na waziri mkuu wa Jamhuri, Bertie Ahern, akampa bunduki ya zamani za vita vile. Wengi hawakutegemea kuona siku hiyo.

Mwisho nitawaambia habari ya watoto wa umri wenu. Kati ya mwaka wa 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 walipewa kazi ya kuwauliza wazee wa nyumbani habari za kale: visima vitakatifu, dawa za majani, michezo, na njaa kubwa ya mwaka wa 1845 na miaka iliyofuata, viazi vilipooza na watu wapatao milioni moja wakafa. Waliandika wenyewe, na maandishi yao yakawa kurasa zaidi ya 700,000. Wazee waliosimulia wamekwisha kufa, lakini maneno yao yapo.

Ila kazi hiyo ilifanywa katika Jamhuri ya leo tu. Shule za kaskazini hazikuandikiwa. Kwa hiyo katika kijiji kama Pettigo ukivuka daraja, upande mmoja yako madaftari ya watoto yanayotaja kila kisima na kila jiwe, na upande wa pili hakuna. Kwa upande huo chama cha historia hakina budi kubisha hodi kwa wazee waliobaki, nyumba kwa nyumba, na daftari mkononi.

MASWALI

1. Kwa nini wilaya 3 za Ulster hazimo katika Ayalandi ya Kaskazini?
2. Eleza jinsi umri wa nguzo ya mti unavyojulikana.
3. Moto wa mwaka wa 1922 uliharibu nini, na watu hutumia nini badala yake?
4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jina la zamani la mto au kilima kilicho karibu, uandike maneno yake kama alivyoyasema.