Jirani Msuluhishi na Jirani Mshiriki: Mafunzo ya Ushirikiano wa Kikanda katika Maziwa Makuu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mtu ajihadhari na yaliyomfika mwenziwe. Historia ya eneo la Maziwa Makuu, hata hivyo, inaonyesha kuwa majirani hawakuishia kutazama na kutia maji. Wapo waliomzuia kinyozi, na wapo walioushika wembe wenyewe. Makala haya yanalinganisha hali mbili: usuluhishi wa Burundi na vita vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano wa kikanda huleta amani na kufufua uchumi pale jirani anapokubali kugharimika kwa ajili ya amani, na hulegalega pale jirani huyo anapokuwa mshiriki katika vita.

Usuluhishi wa Burundi

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 kuliitumbukiza Burundi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi mnamo Julai 1996, nchi jirani hazikutosheka na matamko ya kulaani. Viongozi wake walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Ni kweli kwamba vikwazo hivyo viliwaumiza raia wa kawaida, na jambo hilo lilizua lawama. Hata hivyo, viliidhihirishia serikali ya Bujumbura kwamba majirani walikuwa na kauli moja.

Mwalimu Julius Nyerere aliyaongoza mazungumzo hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela aliupokea mzigo huo, na tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani na Maridhiano ukatiwa saini mjini Arusha. Mkataba huo haukuzinyamazisha bunduki papo hapo, kwa kuwa makundi makuu ya waasi, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa yameutia saini. Hapa ndipo uvumilivu wa majirani ulipopimwa. Mnamo 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka askari kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mwaka huo huo CNDD-FDD iliafikiana na serikali. Uchaguzi ukafanyika mwaka 2005. Nayo FNL ikatia saini makubaliano ya kusitisha vita jijini Dar es Salaam mnamo Septemba 2006. Kutoka mapinduzi hadi hapo ilikuwa miaka 10.

Aidha, gharama ya amani haikuwa ya mikutano pekee. Tanzania ilihifadhi mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi kwa miongo kadhaa, na mnamo 2014 ikawapa uraia zaidi ya 162,000 miongoni mwa waliokimbia mauaji ya 1972 na vizazi vyao.

Uchumi kama kifungo cha amani

Baada ya vita, nchi huhitaji njia ya kuuza na kununua. Burundi na Rwanda hazina bandari ya bahari. Bidhaa zake hupita katika Ushoroba wa Kaskazini kutoka Mombasa au Ushoroba wa Kati kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo, zilipokuwa wanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo Julai 2007, zilikuwa zikiirasimisha hali ya kutegemeana iliyokuwapo tangu awali.

Kutegemeana huko kulidhihirika miezi michache tu baadaye. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilifunga barabara na kung'oa reli, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Kenya, iliyozoea kuwapatanisha wengine, ikawa ndiyo inayopatanishwa. Tukio hilo lilionyesha kuwa hakuna nchi iliyo msuluhishi wa kudumu, wala iliyo mgonjwa wa kudumu.

Mfano mwingine ni wa mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika. Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda jumuiya yao ya kiuchumi mwaka 1976, na chini yake zikajenga kituo cha umeme cha Ruzizi II kinachomilikiwa kwa pamoja. Vita vya miaka ya tisini viliidumaza jumuiya hiyo, lakini umiliki wa pamoja wa kituo haukuvunjwa. Mali inayowanufaisha wote ni vigumu kuitelekeza.

Kongo: jirani anapokuwa mshiriki

Hali ni tofauti mashariki mwa Kongo. Katika vita vya 1998 hadi 2003, Rwanda na Uganda zilipigana upande mmoja, huku Zimbabwe, Angola na Namibia zikiitetea serikali ya Kinshasa. Mnamo Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa, na mwaka 2022 ikaiamuru kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325.

Mikataba haikukosekana. Nchi 11 zilitia saini Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo jijini Nairobi mnamo Desemba 2006, ukiwa na itifaki ya kutoshambuliana na nyingine dhidi ya uporaji wa maliasili. Mkataba mwingine ukafuata Addis Ababa mnamo Februari 2013. Hata hivyo, kundi la M23 liliibuka upya mwishoni mwa 2021. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa Rwanda ililisaidia, Rwanda ikakanusha. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kikosi cha Jumuiya kikatumwa huko, lakini kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Mnamo Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa, na Bukavu ukafuata mwezi Februari.

Tofauti na Burundi iko wazi. Huko, majirani walikubaliana nani atiwe shinikizo. Kongo, wanaopaswa kutia shinikizo ndio wanaotuhumiana.

Hitimisho

Ulinganisho huu hauna maana kuwa Burundi ilipona kabisa. Mgogoro wa 2015 uliishinda Jumuiya kuusuluhisha, nao ulithibitisha kwamba mkataba si hirizi. Hufaa tu maadamu majirani wanaendelea kuulinda. Isitoshe, kati ya Goma na Gisenyi mama muuza mboga hahitaji mkalimani: Kiswahili humtosha kupatana bei na mteja wa ng'ambo ya mpaka. Lugha hiyo, peke yake, haijazuia vita, na ni makosa kuitwika mzigo usio wake. Lakini inaonyesha kwamba ushirikiano wa raia umewatangulia viongozi wao. Kinachosalia ni viongozi kuuweka chini wembe kabla ya kuketi mezani.