Mboga yako yanywa nini ardhini?

Huenda una kijishamba cha mchicha au sukuma wiki nyuma ya nyumba yako Changamwe, Likoni au Kisauni. Leo tutazame jinsi mboga hiyo inavyokunywa, kwani inachokunywa huishia sahanini mwako.

Karibu na ncha ya kila mzizi pana vinyweleo vyembamba mno. Ndani yake mna chumvichumvi na sukari nyingi kuliko katika maji ya udongoni, kwa hivyo maji huvutwa yakapenya ndani. Njia hii huitwa osmosisi. Ndiyo sababu ukimwagilia maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari, mboga hunyauka ilhali udongo umelowa.

Madini kama vile potasiamu na chuma huingia yakiwa yameyeyuka majini. Mengi huvutwa kwa nguvu, na ili kupata nguvu hiyo mizizi huhitaji hewa. Udongo uliotuamisha maji huidhoofisha.

Hata hivyo, mizizi haiwezi kukataa kila kibaya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kilichofungwa mwaka wa 2014, kiliacha sumu ya risasi udongoni na katika damu ya watu. Mwaka wa 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi huo Desemba 2024.

Sehemu kubwa ya risasi hunasa mizizini. Kidogo hupanda kwenye majani, na kidogo zaidi hufika kwenye matunda. Hatari kubwa ni vumbi lililoganda juu ya majani na udongo ulioshika muhogo na viazi.

Je, ufanye nini?

• Usilime palipochomwa au kuvunjwa betri, wala kando ya gereji.

• Ukishuku udongo wako, panda kwenye magunia yenye udongo safi uliotoka kwingine.

• Tia samadi au mboji. Husaidia kuishika risasi isiyeyuke.

• Osha mboga kwa maji mengi, na umenye muhogo na viazi.

• Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hudhuru ubongo unaokua. Ikiwa mliishi karibu na kazi ya betri, mwombe daktari ampime mwanao damu. Usingoje dalili.