Kabla ya Kusema Ni Uzee: Mishipa ya Damu na Ubongo

Mzee akirudia swali lile lile kabla chai yake haijapoa, au akipotea njia kati ya soko la Nateete na nyumbani, wengi husema ni uzee, na wachache hunong'ona kwamba amerogwa. Kabla ya maneno hayo apimwe presha na sukari. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo damu ikipungua huumia upesi. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo ya ndani ya ubongo hukakamaa na kuziba, na vipande vidogo vya ubongo hufa kimoja kimoja. Hakuna anayeanguka wala mdomo unaopinda. Kinachoonekana ni kuburura miguu, hasira zisizo na sababu, na hesabu za duka ambazo hazilingani tena.

Presha haifanyi kazi hiyo peke yake. Mwili ukijitetea dhidi ya maradhi huleta mchochota, ule uwekundu na joto unaouona kwenye kidonda; usipotulia, huchubua kuta za mishipa kwa ndani, na mafuta hunasa hapo. Kisukari huuchochea, sigara pia, hata moshi wa sigiri na wa magari yanayosongamana barabara ya Masaka. Virusi vya UKIMWI navyo huuacha mchochota ukifuka hata kwa anayemeza dawa vizuri. Utafiti wa REPRIEVE, ulioshirikisha Uganda na kutoa matokeo mwaka 2023, ulikuta kwamba dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu ilipunguza maradhi makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, kwa takribani theluthi moja kwa watu wenye virusi hivyo. Anayehudhuria kliniki ya ARV ana haki ya kuuliza kuhusu presha yake pia.

Basi, mtu atasema, kama tatizo ni mchochota, si nimeze diklofenaki ya duka la dawa, inayotuliza mchochota? Hapana. Dawa za jamii hiyo zilipojaribiwa kuzuia ugonjwa wa kusahau hazikufaulu, na zikitumiwa mfululizo hupandisha presha na kuumiza figo. Mwingine atasema haumwi popote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda, na wengi wao hawakujua. Hofu kwamba ukianza vidonge hutaviacha ina ukweli, kwani wengi huvimeza maisha yote. Lakini mwaka 2019 utafiti wa SPRINT wa Marekani ulionyesha kwamba walioshushiwa presha zaidi walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Kwa ugonjwa kamili wa kusahau, tofauti haikuwa ya uhakika. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu tosha ya kumeza kidonge kila siku na kupunguza chumvi mezani.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata kwa dakika chache kisha yakaisha, huenda ni kiharusi; mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja. Hospitali za Lubaga na Mengo ziko karibu na Nateete. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza kwanza, na msimpe chakula, kinywaji wala kidonge njiani.