Uchungu Ukizidi, Imani Yafanya Nini?



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza ya kuwa imani ni kumtegemea Mungu kwa moyo wote. Leo tutaitazama imani hiyo mahali ambapo jamaa nyingi hujaribiwa: mlangoni pa nyumba ambamo mama yu katika uchungu, na mtoto hatoki.

Mwajua jambo lilivyo katika vijiji vyetu vya Kasongo na Kabambare. Jua limekuchwa mara mbili tangu uchungu uanze. Wanawake walio ndani wananong'ona. Wanaume wamekaa uani kando ya moto, wala hakuna ajuaye la kumwambia mwenzake. Ndipo shauri huanza, na sauti nne husikika.

Wa kwanza asema: «Mwanamke huyu ana siri. Na ataje wanaume wake, ndipo njia itafunguka.» Wa pili asema: «Kuna mtu aliyemfunga. Twende kwa mfumu atuonyeshe.» Wa tatu asema: «Sisi ni watu wa dini. Tusali tu, tungoje.» Wa nne asema: «Tusali, na tumbebe usiku huu huu hata penye daktari.»

Je, katika hizo nne, sauti ya imani ni ipi? Tuzipime moja moja.

1. Imani haitafuti mwenye kosa

Mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana wetu Yezu Kristu ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Yezu akawajibu ya kuwa si yeye wala si wazazi wake. Jibu hilo latufaa sisi pia mbele ya mama anayeteseka.

Mtoto hukwama kwa sababu zinazojulikana. Mara kichwa chake ni kikubwa kuliko njia ya mifupa ya mama. Mara amelala kukingama, bega au mkono watangulia. Kuungama hakupanui mfupa, na ramli haimgeuzi mtoto. Mama anayeshurutishwa kutaja majina usiku kucha azidi kuchoka na kuaibika, na saa ambazo angeweza kuokolewa zinapita. Dhambi, kama ipo, ina mahali pake pa kuondolewa, nayo ni huruma ya Mungu. Si kitanda cha uchungu mbele ya wakwe. Na anayekwenda kwa mfumu hurudi na jina la bibi mzee wa jirani. Basi nyumba moja ilikuwa na msiba, sasa zimekuwa mbili.

2. Imani haikai bure

Sauti ya tatu yafanana na imani, lakini imekatwa nusu. Sala ni njema, tena ni lazima. Ila yeye asemaye «tusali tu» amesahau mafundisho ya Mtume Yakobo, ya kuwa imani isiyo na matendo imekufa. Amesahau pia mafundisho ya Yoshua bin Sira, anayetuagiza kumheshimu mganga, kwa maana Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zatoka ardhini kwa mapenzi yake Mungu.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za wakunga wawili, Shifra na Pua. Walimcha Mungu, wakawaokoa watoto ambao Farao aliamuru wauawe. Mungu akawabariki kwa kazi ya mikono yao. Basi mkunga aliyefundishwa na daktari apasuaye tumbo ili kumtoa mtoto si wapinzani wa sala zetu. Mara nyingi wao ndio jibu la sala hizo.

Kwa hiyo sauti ya nne ndiyo sauti ya imani. Yafumba mikono ipate kusali, kisha yaifumbua ipate kubeba.

3. Imani hujiandaa mapema

Mtu aweza kusema: «Mke wangu ni mwenye nguvu, amekwisha kuzaa mara tatu bila shida. Mambo haya ni ya wengine.» Sikilizeni jambo lililoonekana hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Kasongo, wakisaidiwa na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walitaka kujua mapema ni mama gani watakaokwamiwa na mtoto. Waliwapima wenye mimba kimo, wakauliza habari za uzazi uliopita, wakawatia alama wale waliodhaniwa kuwa hatarini. Kisha wakangoja waone.

Matokeo yao yakajulikana katika nchi nyingi. Katika kila mama 100 waliokwamiwa na mtoto, 71 hawakuwa wametiwa alama. Na katika kila 100 waliotiwa alama, 90 hawakukwamiwa. Maana yake ni nini? Kwamba kupimwa kunafaa kwa mambo mengi, lakini hakuna mtu, hata daktari, awezaye kusema kwa hakika: «Huyu hatapata hatari.» Basi kila mwenye mimba atayarishiwe njia, kama wale wanawali watano wenye busara waliochukua mafuta ya akiba kabla ya usiku.

Kabambare iko mbali na Kasongo kwa zaidi ya kilomita 100, na vijiji vingi viko mbali na miji hiyo yote miwili. Wakati wa mvua barabara ni matope na mito hujaa. Kwa hiyo yafaa haya yawe tayari tangu mwezi wa saba wa mimba: fedha kidogo iliyowekwa kando, nguo safi, watu wanne wenye nguvu waliokubali kubeba kipoyi, au mwenye pikipiki aliyekwisha kuombwa, ndugu watakaotoa damu, na jirani atakayebaki na watoto. Zaidi ya yote, mume aseme wazi mbele ya jamaa: «Hatari ikitokea, hata nisipokuwapo, mchukueni.» Mama wengi wamekufa kwa sababu wazee walimngoja mume arudi kutoka safari.

Zishikeni dalili hizi. Mama apelekwe bila kungoja akionyesha hata moja: uchungu uliodumu saa 12 bila mtoto kuzaliwa, damu nyingi kabla ya kuzaa au baada yake, kondo la nyuma lisilotoka, mkono au kitovu kutangulia, kifafa, au kichwa kuuma sana na macho kuona giza, homa kali. Damu itokayo bila kukoma baada ya kuzaa yaweza kumwua mama kabla ya saa 2 kupita. Kwanza kituo cha afya. Nao huko watawapeleka hospitali ikiwa lazima.

4. Ubatizo saa ya hatari

Hapa pana fundisho ambalo kila mkatekumeni anapaswa kulijua kwa moyo. Kwa kawaida Padri ndiye abatizaye, au shemasi. Lakini mtu akiwa karibu kufa na hao hawapo, mtu ye yote aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata yeye ambaye hajabatizwa bado, mradi akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Basi wewe baba mkatekumeni, waweza kumbatiza mtoto wako anayekaribia kufa.

Chukua maji ya kweli, ya mtoni au ya kisima. Mimina juu ya kichwa cha mtoto yapate kutiririka, na wakati huo huo useme: «(Jina), ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Basi, Ubatizo umekamilika. Hauchukui hata dakika moja. Usimcheleweshe mama njiani kwa ajili yake. Mtoto akipona, mpeleke misioni, Padri ayatimize yaliyobaki. Lakini hatabatizwa mara ya pili. Aliyekwisha kufa habatizwi.

Na mama mkatekumeni aliye hatarini aweza kubatizwa vivyo hivyo, akiwa anazijua kweli kubwa za dini, anataka Ubatizo, na anaahidi kuzishika amri. Akifa kabla maji hayajafika, msikate tamaa: Kanisa lafundisha ya kuwa mkatekumeni aliyeutamani Ubatizo na kutubu dhambi zake kwa upendo hupata wokovu. Na mtoto aliyekufa bila Ubatizo twamkabidhi kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 wanateolojia wa Kanisa huko Roma walieleza ya kuwa tuna sababu nzito za kuwatumainia watoto hao wokovu. Mama asiambiwe kamwe ya kuwa mtoto wake amepotea.

5. Kifo kikija

Mara nyingine jamaa husali, hubeba, hufika, na mama hufa. Je, imani yao ilikuwa bure?

Mtakatifu Gianna Beretta Molla alikuwa daktari, mke na mama huko Italia. Mwaka 1961, akiwa na mimba ya mtoto wake wa nne, alionekana ana uvimbe katika tumbo la uzazi. Alisali, akakubali kupasuliwa ili uvimbe utolewe na mtoto ahifadhiwe. Tarehe 21 Aprili 1962 mtoto wa kike alizaliwa hospitalini Monza kwa kupasuliwa. Tarehe 28 mama akafa kwa ugonjwa wa tumboni. Alisali, tena alikwenda hospitali, naye akafa. Mumewe Pietro aliwalea watoto. Mwaka 2004 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Gianna kuwa Mtakatifu, na mumewe alikuwapo pale pamoja na watoto. Basi imani si bei tunayomlipa Mungu ili atupe tulichotaka. Imani ni kushikamana naye mama aishipo na mama afapo.

Tazameni pia Yakobo wa kale. Raheli mkewe alikufa njiani akizaa. Kabla ya kufa alimpa mtoto jina la huzuni. Yakobo alilibadili, akamwita Benyamini, jina la heshima. Hakumtafuta mchawi, wala hakumwita mtoto mwenye mkosi. Alimzika mkewe kwa heshima, akamlea mtoto.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini kumshurutisha mama kutaja siri si tendo la imani?
2. Madaktari wa Kasongo waliona nini, nasi tufanye nini kwa sababu hiyo?
3. Nani aweza kubatiza saa ya hatari, na kwa maneno gani?
4. Mama akifa, jamaa ya imani hutenda nini, na hujiepusha na nini?

Azimio la juma hili

Kila kikundi kihesabu wenye mimba wa kijiji chake. Kwa kila mmoja yatajwe majina ya wabebaji wanne.

Sala

Ee Mungu Baba, utuangalie mama zetu walio katika uchungu. Utupe midomo ya kukuomba, na miguu ya kwenda upesi. Bikira Maria, uliyemzaa Mwokozi mbali na kwenu, utuombee. Amina.